Filamu zote nilikufa nikiwa mtoto, sasa naimba kwenye harusi za Babati: jinsi bibi mmoja alivyofunga msiba wangu

Wakuu, nawasalimu wote. Wakubwa shikamooni, rika langu mambo vipi, na nyie mnaosoma kimyakimya bila kuacha hata neno nawaona pia, maana hata mimi nilikuwa mwenzenu hadi leo asubuhi.

Nimeleta kisa changu mwenyewe. Sijakitia chumvi, chenyewe kinayo ya kutosha.

Mwenye wasiwasi akishuka stendi ya Babati amuulize bodaboda yeyote, "Yule marehemu anayeimba anakaa wapi?" Ataletwa mpaka mlangoni kwetu Nakwa, na mama atamkaribisha chai.

Ndiyo, marehemu ni mimi. Kaeni vizuri.

Jina langu ni Paskalina. Ila kama ulikuwa mpenzi wa filamu za Kibongo enzi zile za DVD, huenda unanijua kwa jina la Sikitu. Yule mtoto mwembamba, macho makubwa, anaumwa tangu filamu inaanza, na kabla haijaisha anafia mikononi mwa mama yake huku mvua inanyesha.

(Ile mvua ilikuwa mpira wa kumwagilia bustani. Na yule mama alikuwa anatafuna bazoka, ukitazama vizuri utaona.)

Nilivyoingia kwenye uigizaji ni hivi. Tulikuwa tunaishi Arusha, mama yangu ni fundi cherehani, na watu wa filamu walimletea nguo za kushona. Siku hiyo nilikuwa nimemwaga mafuta ya cherehani kwenye kitambaa cha mteja. Nikachapwa, nikajikunja pembeni nalia bila sauti.

Director akasahau kilichomleta. Akamuuliza mama, "Huyu huwa analia hivi kila siku?"

Mama akamjibu, "Akitaka."

Jibu hilo ndilo lililonipa ajira.

Filamu ya kwanza niliitwa Sikitu na nikafa. Iliuza sana. Wakaona kwa nini wahangaike, kila filamu iliyofuata nikawa mtoto wa familia nyingine lakini jina lile lile na mwisho ule ule. Nilikufa kwa sumu. Nilikufa kwa mama wa kambo. Moja hata sikuambiwa naumwa nini, director alisema tu, "Wewe dhoofika."

Sasa shikeni hili, maana ndilo lililokuja kuniponza ukubwani.

Tulikuwa na taa moja tu, na ilikaa upande wa kulia. Kwa hiyo nilifundishwa kufa kushoto. Unasema neno la mwisho taratibu, unavuta pumzi, unafumba macho, halafu kichwa kinashuka begani upande wa kushoto ili mwanga ubaki usoni. Tulirudia na kurudia mpaka shingo ikajua kazi yake bila kuambiwa.

Halafu nikarefuka. Siku moja tunarekodi, miguu yangu ikatokeza nje ya kitanda cha hospitali, mpiga picha akasema huyu marehemu hatoshi tena. Wakatafuta mtoto mfupi. Hawakuniaga vibaya, walinipa soda na keki, ila ndiyo ikawa mwisho.

Tukarudi nyumbani Babati. Mama akaweka cherehani yake barazani Nakwa, mimi nikaingia shule.

Nilidhani Sikitu amebaki Arusha. Kumbe alishafika kabla yetu. Kila kibanda umiza cha kuonyeshea video kilikuwa naye, na mabasi yanayopita hapa yalikuwa yanamwonyesha safari nzima. Kuna siku natoka Arusha, filamu yangu ikawekwa. Basi zima likawa linavuta makamasi. Mama aliyekaa pembeni yangu akaniangalia natafuna mhindi wa kuchoma, akasema, "Binti una moyo mgumu, huoni mtoto anavyoteseka?" Nikaacha kutafuna kwa heshima.

Shuleni niliitwa Sikitu. Sokoni Sikitu. Mwalimu wa hesabu aliniita Sikitu. Nilicheka nao, lakini moyoni ilikuwa inanikera. Ni jina la mtu ambaye kila mara mambo yake yanaishia kitandani.

Kuimba kulianzia kwaya ya kanisani. Kutunga kulianzia barazani kwetu, kwa sababu mama akishona nami nipo pale nafunga vifungo, na mlio wa cherehani unaleta maneno wenyewe. Yupo rafiki yangu Musa, ana studio ndogo Maisaka nyuma ya duka la vitenge la baba yake, anapiga kinanda. Siku ya kwanza alivyosikiliza nyimbo zangu alicheka sana. Alisema, "Wewe nyimbo zako zote zinakimbia, halafu zinasimama kukata uzi." Ni kweli, na sijaziacha mpaka leo.

Basi nikaamua. Nataka kuishi kwa kuimba, nyimbo ninazotunga mwenyewe, kwa jina langu.

Mama hakukataa, ila hakuwa na subira ya milele. Alishanunua cherehani ya pili akaiweka pembeni ya yake, imefunikwa kitenge. Akaniambia, "Nakupa mpaka mbaazi zivunwe. Kama hakuna anayekuita kuimba, utakaa hapa tushone." Kushona si kazi mbaya wakuu, ndiyo iliyonilea. Ila kila nikipita pale ile cherehani ilikuwa inanitazama.

Kazi ya kwanza nikaipata Bagara, kitchen party. Nilikuwa na wimbo wa taratibu wa kumuaga mama. Kina mama wakatulia, wengine wanafuta macho kwa khanga, nikajua leo nimetoboa.

Nikafika kwenye neno la mwisho. Nikalisema taratibu. Nikavuta pumzi, nikafumba macho.

Shingo ikafanya kazi yake.

Kichwa kikashuka kushoto. Halafu mama mmoja nyuma akapiga ukunga, "Jamani Sikitu amekufa tena." Mwingine akaangusha sahani ya pilau. Bibi harusi mtarajiwa akaanza kulia kweli, si kile kilio cha furaha, na MC akalazimika kupiga muziki wa kuchangamsha huku ananiangalia kwa jicho la "wewe umetumwa na nani".

Musa alikuwa anafunga nyaya za kinanda. Tulipofika barabarani ndipo akasema, "Ila umekufa vizuri." Nilitaka kumpiga.

Habari za Babati hazihitaji redio. Kabla wiki haijaisha nilishakuwa "marehemu anayeimba". Watu waliniita kwa utani na upendo, sikatai, lakini nani anamwita marehemu kwenye sherehe yake? Waliokuwa wamenigusia kazi wakawa wanasema tutakupigia. Simu ikawa inaita ya mama tu, wateja wa sare za shule.

Mbaazi zikaanza kukauka shambani.

Hapo akatokea Mama Neema, mteja wa mama wa siku nyingi. Binti yake Neema anaolewa, na Neema mwenyewe amesema kwenye send-off yake, sherehe ya kumuaga nyumbani, anataka mimi niimbe. Niliruka. Send-off ya watu wengi, MC mkubwa wa hapa mjini, wageni kutoka pande zote. Nikisimama vizuri pale nimepona. Nikiharibu, cherehani.

Siku chache baadaye Mama Neema akarudi, akawa anaangalia vitambaa ukutani badala ya kutuangalia sisi.

"Mama Paskalina, kuna tatizo kidogo. Bibi yake Neema amekataa."

"Amekataa nini?"

"Amekataa Sikitu aimbe. Anasema huyo mtoto alishamzika."

Bibi mwenyewe ni Bibi Theresia, mama mzazi wa Baba Neema, anaishi kule juu Bashanet. Kwenye familia ile bibi akisema jambo, watoto wake wenye mvi wanakohoa tu na kuitikia. Mama Neema akasema pole, akaondoka. Nilimwona mama yangu anakunjua kile kitenge cha cherehani ya pili na kukikung'uta vumbi.

Nikamwambia Neema, nipeleke kwa bibi.

Tulimkuta nje ya nyumba yake anachambua vitunguu swaumu, fimbo imelala pembeni. Kibibi chembamba, kimenyooka. Nikampa shikamoo yangu, akaitikia marahaba, akaendelea kuchambua. Halafu akaniangalia.

"Wewe ndiye Sikitu."

"Ndiyo bibi. Ila jina langu ni Paskalina."

"Paskalina simjui. Sikitu namjua."

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikaanza kumweleza kwamba ile ilikuwa filamu, kwamba mtoto hakufa, kwamba damu ilikuwa juisi ya ukwaju. Akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mimi si mjinga," akasema. "Najua filamu. Simba wa kwenye runinga hang'ati mtu. Lakini mimi nilikulilia, na machozi yalikuwa yangu. Hayo hayakuwa ya filamu."

Kisha akatueleza. Alikuwa ameshuka mjini kutibiwa miguu, yuko kwa mwanae, runinga ikawashwa. Akamwona mtoto anainamisha kichwa upande. Zamani sana, kabla Baba Neema hajazaliwa, yeye alikuwa na mtoto wa kike aliyeugua homa, na aliondoka hivyo hivyo, kichwa kikainama begani mwake.

"Niliporudi huku nikatoa nia ya misa, aombewe," akasema. "Marehemu Sikitu, mtoto. Katekista akaniuliza ni wa ukoo gani. Nikamwambia hana watu, ndiyo maana nimemleta mimi."

Wakuu, nilikuja pale nikiwa na hasira zangu ndogo. Ziliisha zote. Kumbe kuna mtu amenitolea sadaka ya misa kutoka kwenye vitunguu vyake, na mimi nilikuwa sijui. Nikasema lililokuja mdomoni.

"Pole sana kwa msiba, bibi."

"Asante," akasema. "Nimeshapoa."

Neema aliangua kicheko, nikafuata mimi, na bibi mwenyewe akatikisika mabega. Nikadhani tumemaliza. Akachukua kitunguu kingine.

"Sasa nakuuliza. Ulipona?"

"Nilipona bibi."

"Ulipona vipi? Wale hawakuonyesha."

Ni kweli hawakuonyesha. Hakuna filamu hata moja niliyopona.

"Katafute jibu, uje nalo siku ya Neema, uniimbie nisikie," bibi akasema. "Na Jumapili uje kanisani. Haiwezekani misa ya marehemu ibaki hivyo na mwenyewe anatembea."

Jumapili nikapanda tena Bashanet na jogoo wa mama, toleo la shukrani. Kigango kidogo, padre alikuwa amekuja siku hiyo. Katekista akasimama kusoma nia za misa. Akasoma za wagonjwa, akasoma za mavuno, akafika kwenye karatasi ya Bibi Theresia, akaisogeza karibu na macho. Akaisoma tena kimoyomoyo.

"Familia ya Theresia inamshukuru Mungu kwa ajili ya marehemu Sikitu," akasema. Akakohoa. "Ambaye yupo."

Kanisa zima likageuka. Padre aliinamia kitabu chake kwa muda mrefu kuliko kawaida, na mabega yalikuwa yanacheza.

Baada ya misa kukawa na mnada wa matoleo pale nje kama kawaida: maboga, mayai, mahindi, jogoo wangu. Watu walitaka kumnunua yule jogoo kwa sababu ya historia yake. Bibi Theresia akawazidi wote, akamtia kwapani na kuondoka naye bila kumwangalia mtu. Alimpa jina Sikitu. Ni jogoo, lakini nani angembishia?

Lakini swali lilikuwa bado. Ulipona vipi?

Nilitunga nikafuta, nikatunga nikafuta. Niliandika habari za dawa, za malaika, za mvua iliyokatika. Musa alisikiliza akasema, "Hii ni filamu nyingine." Alikuwa sahihi na nikamnunia.

Siku zilizidi kwenda. Asubuhi moja jirani alileta sketi ya shule ya mwanae, mtoto amerefuka, sketi imepanda. Mama akaishika, akaanza kufumua pindo.

"Kamekua tena haka," akasema peke yake, anacheka. "Hii sketi nimeishusha juzijuzi tu. Kama wewe. Wewe nilishusha pindo mpaka likaisha, nikaanza kuunga kitambaa cha rangi nyingine."

Nikasimama pale na vifungo mkononi.

Hiyo ndiyo ilikuwa namna niliyopona. Nilirefuka. Watu wa filamu walinifukuza kwa sababu hiyo hiyo, na mama alikuwa anashusha pindo.

Wimbo ulikuja kabla sketi haijaisha. Nauweka kipande tu hapa:

*Mtoto kaamka, kaomba uji,*
*kamaliza uji, kalamba kikombe.*
*Gauni limepanda, magoti yanaonekana,*
*shusha pindo mama, mtoto anakua.*

Unaendelea hivyo, mtoto anakua na pindo linashuka, mpaka mwisho pindo limekwisha na mama anamshonea binti gauni jipya la kuondokea nyumbani. Niliuita "Pindo". Mama aliusikia akiwa amenipa mgongo, akaacha kukanyaga cherehani. Hakugeuka. Alisema tu, "Ule uji ulikuwa wa ulezi, utaje."

Siku ya send-off ikafika. Ukumbi umejaa, Neema anang'aa kwa gauni aliloshonewa na mama yangu. Bibi Theresia amekalishwa mbele kabisa, fimbo mkononi, uso haucheki.

MC naye akaona asiniache hivihivi. "Sasa namleta mwimbaji wetu. Wenye presha shikeni viti." Watu wakacheka, ila kile kicheko cha kuangaliana. Mama Neema alikuwa anapinda pinda leso.

Nikaanza. Musa akaleta ule mwendo wa cherehani, na kwenye kiitikio cha pili kina mama walishajua pa kuingia. Shusha pindo mama. Wengine wakawa wanashika magauni yao na kuonyesha. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata nikiwa nimelala kwenye kile kitanda cha hospitali na watu wote wamenizunguka.

Ubeti wa mwisho ni wa taratibu. Hapo binti anaondoka. Nikalifikia neno la mwisho, nikalivuta. Macho yakafumba yenyewe. Na wakuu, nawaambia kweli, nikaisikia shingo inaanza kuondoka. Kushoto, polepole.

Fimbo ikagonga sakafu.

Nikafumbua macho. Bibi Theresia alikuwa ameshika kidevu chake mwenyewe kwa vidole viwili, anakisukuma juu. Kama unavyomfanyia mtoto ukimfunga kifungo cha shingoni. Juu. Juu tena.

Nikainua kichwa. Nikamalizia lile neno nikimwangalia usoni, mpaka pumzi yote ikaisha, na kichwa changu kikiwa pale pale juu ya shingo yangu.

Bibi akasimama. Akageukia ukumbi, akasema kwa sauti ya kawaida tu, lakini kila mtu alisikia.

"Amepona."

Vigelegele vilivyofuata sijui nivieleze vipi. Mimi ambaye nililipwa miaka yote kulia kwa kuagizwa, nililia bila kuagizwa na mtu na sikuweza kujizuia. Mama yangu alikuwa nyuma anashangilia kwa kupunga mkasi aliokuja nao kwa dharura za magauni, mpaka akaombwa auweke chini.

Wakati wa chakula nikamsikia mama mmoja anamuuliza bibi, "Huyu si ndiye Sikitu?"

Bibi akamjibu huku anatafuna, "Sikitu alikua. Huyu ni Paskalina, anaimba. Una binti wa kuolewa? Chukua namba yake."

Toka siku hiyo naimba. Babati, Magugu, Katesh, juzi nimeitwa Kondoa. "Pindo" nimeuimba hadi Musa anaupiga huku anachati. Mbaazi zilivunwa, zikauzwa, mama hakusema lolote kuhusu makubaliano yetu. Asubuhi moja nikakuta tu binti mwingine amekaa kwenye ile cherehani ya pili, anajifunza kushona mstari ulionyooka, na mama akaniambia nisimsumbue mwanafunzi wake, niende mazoezini.

Nilichojifunza? Miaka mingi nilipigana na lile jina. Kila mtu akiniita Sikitu nilidhani ananirudisha kitandani. Kumbe wengi walikuwa wanataka tu kujua kama yule mtoto alifika salama, na hakuna aliyewaambia. Kwa hiyo kama kuna jina la zamani linakufuata, usilikimbie sana. Lisimulie lilikofikia, watu wakuachie uendelee na safari yako.

Bibi Theresia bado ananipigia simu kabla ya kila shughuli. Hasalimii sana. Anasema, "Kichwa," nami najibu, "Juu, bibi," anakata.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Wale mlionililia kwenye mabasi na vibanda umiza jitokezeni hapa chini niwape pole zenu, nimechelewa sana kuzitoa. Na mwenye binti wa kuaga asiogope kuniita.

Nitaimba mpaka neno la mwisho, na sitakufa.